Savannah: Kabla hujaagiza, uliza nani kapika

Anayetoka Tanga, Mombasa au Bagamoyo akaketi mezani Savannah hatahitaji kufafanuliwa menyu kwa muda mrefu. Kuna wali. Kuna kunde, bamia, viazi vitamu, kaa na kamba wa baharini. Kuna mboga ya majani ambayo mpishi wa Nairobi angeiita sukuma wiki bila kusita, na kando ya barabara za mashambani kuna karanga zilizochemshwa na maganda yake kwenye maji ya chumvi, zinauzwa zikiwa bado moto. Mji huu uko kwenye pwani ya jimbo la Georgia, kusini-mashariki mwa Marekani. Wakazi wake hawafiki 150,000, kwa hiyo kwa viwango vya nchi ile ni mji mdogo, lakini kwa chakula unaishinda miji mingi iliyouzidi mara tano.

Wageni humiminika kuona mitaa iliyoanza kupangwa mwaka 1733 na James Oglethorpe, yenye viwanja vya mraba 22 vilivyosalia kati ya 24, na mialoni mikubwa iliyofunikwa na majani ya kijivu yanayoning'inia kila tawi. Wakichoka kutembea huteremka River Street kando ya mto, wakaingia mgahawa wa kwanza uliowapungia taa, wakala baga na chipsi, wakarudi hotelini. Wanakosa mengi. Naandika haya kwanza kwa ajili ya ndugu zetu walioko Atlanta na kitongoji cha Clarkston, ambako Kiswahili cha Kongo na Burundi kinasikika madukani, na ambao wanaweza kufika Savannah kwa mwendo wa saa nne hivi za gari. Pili kwa yeyote anayepanga kuwatembelea. Shauri langu ni moja: Savannah usichague pa kula kwa kuangalia mlango. Uliza nani yuko jikoni, na upishi wake kaurithi kwa nani.

Tuanze na wali mwekundu, maana ndio chakula cha mji. Mpishi huanza na kitunguu na pilipili hoho vilivyokatwa vidogo vidogo, akavikaanga kwenye mafuta yaliyotoka katika nyama ya moshi au soseji, kisha akatia nyanya. Nyanya huachwa motoni hadi zikolee na mafuta yajitenge. Mchele unaingia humo, unageuzwa mpaka kila punje ishike rangi, ndipo sufuria inafunikwa, au wali unahamishiwa kwenye oveni ukaivie humo. Ukipikwa sawasawa hauna rojo: punje zimeachana, chini kuna ukoko mwembamba wenye ladha ya moshi, na ule utamu wa nyanya unakuja mwishoni, baada ya chumvi na pilipili. Ukipikwa vibaya unakuwa bokoboko la nyanya. Ukiletewa wa namna hiyo, usiuhukumu mji mzima kwa sahani hiyo moja. Hamia mgahawa mwingine.

Wali huo ni ndugu wa damu wa wali wa samaki wa Senegali na wa jollof unaogombaniwa na Wanigeria na Waghana. Undugu wenyewe una historia chungu. Georgia ilianza ikiwa koloni lililopiga marufuku utumwa. Marufuku hiyo ilipoondolewa mwaka 1751, wenye ardhi walikimbilia kufanya walichokiona kwa majirani zao wa South Carolina, yaani mashamba makubwa ya mpunga kwenye mabonde ya mito ya Savannah na Ogeechee. Kilimo kile hakikuwa cha kubahatisha. Kilitaka matuta, mifereji na milango ya maji inayofunguliwa na kufungwa kufuatana na kupwa na kujaa kwa bahari, ili maji matamu ya mto yaingie shambani na ya chumvi yabaki nje. Mkulima wa mpunga wa delta ya Rufiji angeielewa kazi ile mara moja. Watu waliotekwa kutoka Senegambia na Sierra Leone walikuwa wamelima mpunga vizazi kwa vizazi kabla ya kuvushwa bahari kwa minyororo. Wengine wengi waliletwa kutoka Kongo na Angola. Mikono yao na maarifa yao ndivyo vilivyowatajirisha matajiri wa Savannah.

Tarehe 2 na 3 Machi 1859, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ten Broeck nje kidogo ya mji, mmiliki mmoja wa mashamba, Pierce Butler, aliuza watu ili alipe madeni yake. Orodha ya mnada ilikuwa na majina 436: wanaume, wanawake na watoto waliotoka kwenye mashamba yake ya mpunga na pamba. Mvua ilinyesha siku zote mbili, na wenyewe wakauita wakati wa machozi. Ni miongoni mwa minada mikubwa kabisa ya watu inayojulikana katika historia ya Marekani. Sikuileta habari hii kumharibia mtu hamu ya kula. Ila wali mwekundu ukiletwa mezani bila historia hiyo, mgeni atadhani ni kachumbari tu ya pembeni mwa kuku, na hatajua kwamba sahani nzima imejengwa juu ya wali.

Wazao wa watu wale wanajulikana kama Gullah Geechee. Walikaa visiwani na vijijini kando ya pwani, mbali na miji, wakahifadhi lugha yao, ususi wao wa vikapu na mapishi yao kuliko Waamerika Weusi wengi wa bara. Mwaka 2006 Bunge la Marekani lilitambua rasmi ukanda wa urithi wao, unaoanzia North Carolina hadi Florida, na Savannah imo ndani yake. Ukiwa mjini na unataka chakula cha mkondo huo bila mapambo, toka nje ya mitaa ya watalii uende Skidaway Road, kwenye mgahawa uitwao Sisters of the New South. Ni mahali pa kawaida, pa watu wa mtaa. Unachagua nyama yako na mboga za kusindikizia: mkia wa ng'ombe uliopikwa hadi unachanguka, mabawa ya bata mzinga katika mchuzi mzito, kuku wa kukaanga, wali mwekundu, kunde, viazi vitamu vilivyopikwa na sukari na viungo, na ile sukuma wiki ambayo wenyewe huiita kolardi. Mimi ningeanza na mkia wa ng'ombe. Mchuzi wake ukimwagiwa wali unatosha kumnyamazisha mtu yeyote.

Hapa niseme jambo ambalo waandishi wengi wa safari hawalisemi, na kwa wasomaji wetu ni la msingi. Kusini mwa Marekani mboga haichemshwi peke yake. Kwa desturi kolardi hupikwa kwa muda mrefu pamoja na kipande cha mguu wa nguruwe kilichokaushwa kwa moshi, na ndicho kinachoipa mboga ladha. Kunde na maharage nayo hivyo hivyo. Wali mwekundu mara nyingi una soseji au mafuta ya nguruwe. Mkate wa mahindi unaweza kuwa umepakwa mafuta hayo hayo, na kuku anaweza kuwa amekaangwa humo. Kwa hiyo Mwislamu, Msabato au yeyote asiyekula kitimoto asitosheke na kuikwepa nyama akajiona amesalimika kwenye mboga. Aulize juu ya kila bakuli peke yake. Watu wa Savannah ni waungwana, hawachukizwi na swali hilo, na wapishi wengi siku hizi wameacha nguruwe wakatumia shingo au bawa la bata mzinga lililokaushwa kwa moshi. Mboga iliyopikwa hivyo haipungukiwi na kitu. Samaki na kamba wa kukaanga mara nyingi ndio njia salama, mradi uulize mafuta ya kukaangia ni ya nini.

Kwa chakula cha asubuhi, sahani ya kwanza kuijaribu ni kamba na griti. Griti ni mahindi meupe yaliyosagwa kwa chenga, yakapikwa polepole kwa maji au maziwa, na siagi juu yake, hadi yawe katikati ya uji na ugali. Juu yake wanamwagia kamba waliokaangwa na kitunguu, pilipili na mchuzi wa kahawia. Hapo zamani hicho kilikuwa chakula cha wavuvi kabla hawajaondoka au waliporudi na mashua. Leo kimeingia kwenye hoteli za kifahari na bei yake imepanda. Narobia's Grits & Gravy, kwenye Mtaa wa Habersham, ni chumba kidogo kinachokipika kwa moyo na kwa bei ya mtu wa kawaida. Wahi, kwa sababu kikishajaa unasubiri nje. Na popote utakapoagiza kamba, uliza wamevuliwa wapi. Kamba wengi wanaoliwa Marekani hufugwa nchi za mbali na kuletwa wakiwa wamegandishwa, hata katika mji wenye wavuvi wake. Msimu wa kamba wa Georgia huanza takriban Juni na kuendelea hadi karibu na mwaka mpya. Kamba wa pale pale ni mtamu wa asili na nyama yake inakaza kidogo unapoitafuna. Ukishamwonja, yule wa barafu hutamtaka tena.

Sasa twende Mtaa wa Jones, kwenye nyumba ya matofali ambayo foleni yake ndiyo kibao chake. Mwaka 1943 mama mmoja aitwaye Sema Wilkes alianza kuendesha nyumba ya wapangaji hapo, akawa anawapikia mchana. Wapangaji walikwisha, chakula kikabaki. Mwaka 2000 taasisi ya James Beard, ambayo tuzo zake ndizo zinazoheshimiwa kuliko zote katika upishi wa Marekani, iliutambua mgahawa wake kuwa miongoni mwa migahawa ya asili ya nchi hiyo. Bi Wilkes alifariki mwaka 2002, na familia yake imeendelea kuuendesha. Machi 2010 Barack Obama akiwa rais alipita Savannah, na mchana akaenda kula hapo.

Utaratibu wake ni huu. Mnaingizwa kumi kumi. Meza ni za watu kumi, kwa hiyo mkifika wawili mtaketi na watu wanane msiowajua. Chakula tayari kipo mezani katika mabakuli, mengi kiasi kwamba pa kuweka kiwiko hapapatikani: kuku wa kukaanga, nyama ya ng'ombe ya mchuzi, wali mwekundu, kunde, bamia na nyanya, kabichi, kolardi, viazi vya kupondwa, viazi vitamu, mkate wa mahindi, na vibiskuti laini vya unga wa ngano vinavyoliwa kama mkate. Hakuna mhudumu wa kukupakulia. Unapakua, unampa jirani bakuli, naye anampa mwingine, kwa mzunguko. Mtu akiona bamia ziko mbali lazima azungumze: "Samahani, nisogezee bamia." Hapo ndipo mazungumzo yanapozaliwa. Nilimwona mzee mmoja wa Ohio akijifunza kutoka kwa binti wa Alabama namna ya kupasua kile kibiskuti na kukizamisha katika mchuzi, na katika dakika kumi mezani pale palikuwa na kicheko cha watu waliojuana. Mkimaliza, kila mtu anabeba sahani yake mwenyewe hadi jikoni. Kwetu, tuliolelewa kula sinia moja, hilo halishangazi. Kwa Wamarekani wengi ni tukio la maisha.

Lakini mkao ule wa pamoja una historia yake, nayo ni lazima isemwe katika mji huu huu. Tarehe 16 Machi 1960 vijana weusi waliingia kwenye duka kubwa la Levy's, Mtaa wa Broughton, wakaketi katika mgahawa wa dukani ulioitwa Azalea Room, wakaomba kuhudumiwa. Ubaguzi wa wakati ule uliwaruhusu kununua nguo katika duka lile, haukuwaruhusu kula humo. Watatu walikamatwa: Carolyn Quilloin, Ernest Robinson na Joan Tyson. Kukamatwa kwao kulizaa mgomo. Watu weusi wa Savannah, wakiongozwa na W. W. Law wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, walisusia maduka ya Broughton kwa miezi mingi hadi biashara zikayumba. Kufikia Oktoba 1963 migahawa, kumbi za sinema na hoteli za mji zilikuwa zimefunguliwa kwa wote, miezi kadhaa kabla Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 haijapitishwa. Jengo la Levy's leo ni maktaba ya chuo cha sanaa cha SCAD. Habari yote ya mapambano yale inaelezwa katika Jumba la Makumbusho la Ralph Mark Gilbert, Barabara ya Martin Luther King, lililomo katika jengo lililokuwa benki ya watu weusi. Nenda kabla ya chakula cha mchana.

Kwenye barabara hiyo hiyo, mwendo mfupi kuelekea mtoni, ndipo ulipo mgahawa maarufu kuliko yote ya Savannah kwa sasa, The Grey. Jengo lake lilikuwa kituo cha mabasi ya Greyhound, kilichojengwa mwaka 1938 kwa mtindo wa kisasa wa wakati ule, wenye kona za mviringo na vyuma vinavyong'aa. Abiria weusi walikuwa na chumba chao cha kusubiria, nyuma. Mwaka 2014 jengo lilifunguliwa upya likiwa mgahawa, na aliyekabidhiwa jiko ni mwanamke mweusi, Mashama Bailey, mzaliwa wa New York aliyeishi Savannah sehemu ya utoto wake. Yeye ni mbia wa biashara pamoja na John O. Morisano, Mmarekani mweupe kutoka New York, na wawili hao wameandika kitabu pamoja juu ya ubia wao. Mwaka 2019 Bailey alipata tuzo ya James Beard ya mpishi bora wa kanda ya kusini-mashariki. Mwaka 2022 akapata kubwa zaidi, ya mpishi bora wa nchi nzima, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

The Grey si mahali pa kula kila siku. Bei yake ni ya sherehe na meza huwekwa mapema. Lakini mbele, upande wa barabara, kuna baa ndogo ambako mtu huweza kuketi na kula kidogo bila kuvunja benki ya nyumbani. Kinachonivutia kwa Bailey ni kwamba hakukimbia chakula cha bibi zake kwa kuwa amepata sifa. Mchele, kunde, bamia, chaza na samaki wa pwani ile vimo jikoni mwake, vimepikwa kwa ustadi alioupata New York. Wapo wanaolalamika kwamba bamia ni bamia, kwa nini zigharimu kiasi hicho. Sikubaliani nao. Kwa karne mbili upishi huu ulilipwa senti au haukulipwa kabisa. Mpishi wake akidai bei ile ile anayodai mpishi wa Kifaransa, anastahili.

Kwa upande wa bahari, usiishie River Street. Mwendo wa dakika 20 hivi kwa gari kuelekea kusini-mashariki kuna kijiji cha Pin Point, kilichoanzishwa miaka ya 1890 na watu waliokuwa wametolewa utumwani, waliohama kutoka visiwa vya jirani kama Ossabaw baada ya vimbunga vya miaka ile. Walinunua viwanja, wakajenga kanisa, wakaishi kwa chaza na kaa. Kiwanda cha A. S. Varn & Son kilifanya kazi hapo kuanzia mwaka 1926 hadi 1985. Wanaume walivua, wanawake walikaa kwenye meza ndefu wakipasua chaza na kuchambua kaa, wakilipwa kwa kipimo cha walichochambua. Jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, Clarence Thomas, alizaliwa kijijini humo mwaka 1948. Kiwanda sasa ni makumbusho, na wanaokuongoza ni pamoja na watu waliokulia hapo.

Naitaja Pin Point kwa sababu ya kaa. Kaa wa pale ni yule wa buluu, mdogo kuliko kaa koko wetu wa mikokoni, na kumchambua kunataka subira. Unatoa gamba la juu, unaondoa matamvua, unavunja mwili katikati, kisha kwa ncha ya kisu unafuata kila chumba chembamba na kuitoa nyama bila kuiponda. Kaa mzima anaweza kukupa vijiko viwili tu vya nyama. Wanawake wa pwani ile waliichanganya nyama hiyo na kitunguu, selari, makombo ya mkate, siagi na pilipili, wakairudisha katika gamba lake lile lile, wakaioka hadi juu ikawa ya dhahabu. Chakula hicho bado kinapatikana katika migahawa ya samaki kuanzia mji mdogo wa Thunderbolt hadi kisiwa cha Tybee. Uzuri wake unapimwa kwa kitu kimoja: uma ukiingia, unakutana na kaa au unakutana na mkate? Ukikutana na mkate, umeibiwa.

Tybee yenyewe iko kilomita 29 hivi mashariki ya mji, ina ufuo wa kuogelea, na The Crab Shack, kando ya mkono wa bahari, ndiko watu wanakokwenda na familia kula kwa mikono. Agiza ile sinia ya kamba, kaa, mahindi, viazi na soseji vilivyochemshwa pamoja katika sufuria moja kubwa yenye viungo. Soseji unaweza kuomba isitiwe, ila ulizia kama sufuria ni moja kwa wote. Nenda jioni jua likipungua makali, maana joto na unyevunyevu wa Julai pale ni wa Dar es Salaam ya Februari.

Vinywaji navyo vina desturi zake. Kinywaji cha kila meza ni chai ya barafu yenye sukari. Chai hupikwa ya rangi, kali, sukari ikatiwa ingali moto ili iyeyuke yote, kisha ikapozwa na kujazwa barafu. Ni tamu kupita ya harusini kwetu. Usiyetaka sukari sema mapema, la sivyo utaletewa yenye sukari. Kwa wanywaji wa pombe, Savannah ni mji wa pekee kidogo katika Marekani: ndani ya eneo la kihistoria sheria inamruhusu mtu mwenye umri wa miaka 21 na zaidi kutembea barabarani na kinywaji chake, mradi kiwe katika kikombe cha plastiki kisichozidi wakia 16, yaani chini kidogo ya nusu lita. Baa zenyewe hukuhamishia kinywaji ukitaka kutoka. Hilo lina utamu wake jioni, lakini pia lina watu wanaolitumia vibaya, hasa katika sikukuu ya Mtakatifu Patrick mwezi Machi, ambapo mji hufurika walevi kutoka majimbo yote. Mwenye watoto asiende wiki hiyo.

Georgia ilipiga marufuku pombe tangu mwaka 1908, miaka mingi kabla ya nchi nzima, na marufuku ya taifa ilipofutwa mwaka 1933 ndipo ilipofunguliwa Crystal Beer Parlor, ambayo ingalipo Mtaa wa Jones upande wa magharibi. Bia yake ni nzuri, lakini mimi ningeifuata supu yake nzito ya kaa. Tahadhari moja: kuna mchanganyiko wa mji uitwao Chatham Artillery Punch, wenye ramu, brandi, wiski, divai ya mapovu, chai na ndimu. Unanyweka kama sharubati na unaangusha wanaume wazima. Glasi moja inatosha, na ufunguo wa gari mkabidhi mwingine.

Kwa kitindamlo, pita Leopold's, Mtaa wa Broughton. Ndugu watatu waliohamia kutoka Ugiriki walianza kuuza aiskrimu mwaka 1919. Mtunzi wa nyimbo Johnny Mercer, aliyeandika maneno ya wimbo "Moon River", alifanya kazi ya kufagia dukani kwao alipokuwa mtoto, na mto unaopita Pin Point ukaja kupewa jina la wimbo huo. Duka lilifungwa mwaka 1969, mtoto wa mmoja wa waanzilishi akalifufua mwaka 2004. Foleni huwa ndefu usiku. Mchana wa siku ya kazi unaingia moja kwa moja. Na Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana kuna soko la wakulima upande wa kusini wa bustani ya Forsyth. Hapo utaona bamia, kunde mbichi, viazi vitamu, asali na mboga kutoka mashamba ya karibu, na anayekuuzia mara nyingi ndiye aliyelima. Mwenye jiko alikofikia anunue hapo akapike mwenyewe.

Panga siku zako vizuri. Mgahawa wa Bi Wilkes hupika mchana tu, kuanzia saa tano hadi saa nane, Jumatatu hadi Ijumaa; anayefika wikiendi ataukuta umefungwa. Migahawa midogo ya mitaani hubadilisha saa zake, kwa hiyo piga simu kwanza. Bei unayoiona kwenye menyu haijatiwa kodi. Na ukiletewa bili, usisahau aliyekuhudumia: katika jimbo la Georgia mwajiri anaruhusiwa kumlipa mhudumu wa mezani dola 2.13 kwa saa, akihesabu kwamba bakshishi za wateja zitamfikisha kwenye kima cha chini cha dola 7.25. Kiwango hicho cha 2.13 hakijapanda tangu mwaka 1991. Acha asilimia 20, na kama unazo taslimu, mpe mkononi.